Soksi ya Mtu Nisiyemjua

Mkoba niliununua Kiboriloni kwa shilingi elfu nne. Ngozi ya kahawia, zipu zote nzima, mpini mmoja umechubuka. Kijana alianzia elfu nane, nikamuuliza huo mchubuko nitaufunika na nini, akasema, "Mama, si utaushika hapohapo kwa mkono, nani atauona?" Tukacheka, tukamalizana.

Nyumbani ndipo nilipoukuta mfuko wa ndani. Ule mfuko wa zipu ambao wauza mitumba huupekua kabla belo halijaisha kufunguliwa, maana kila mmoja wao ana hadithi ya mtu aliyeokota dola. Huu uliwapita. Ndani yake mlikuwa na soksi ya sufu, ya kijivu yenye madoadoa ya kijani. Si pea, wala si soksi nzima. Kipande cha mguu tu, kuanzia ukingo wa juu hadi pale kisigino kingeanza, bado kiko kwenye sindano, na donge la uzi lenye karatasi yake.

Soksi haikunishangaza. Sindano ndiyo iliyonikalisha kitandani na viatu miguuni. Ilikuwa moja. Ncha mbili za chuma, kila moja imezidi kidogo urefu wa kidole changu cha kati, zimeunganishwa na kamba laini ya plastiki. Kwenye shingo ya ncha moja pameandikwa 2.5, yaani unene kwa milimita. Soksi yenyewe ilikuwa imelazwa bapa: nusu ya vitanzi mbele, nusu nyuma. Upande wa kulia ncha mbili zinaning'inia, upande wa kushoto kamba imechomoza na kujikunja kama sikio la sungura. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Kila nilipotafuta sindano ya pili nikarudi kwenye ileile.

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa kwenye nyuzi.

Mama alikuwa na mashine ya mkono ya kufumia sweta, barazani kwetu Majengo, hapahapa Moshi. Wanaozijua wanazikumbuka: kitanda kirefu chenye sindano 200 zilizojipanga kama meno ya kitana, na kigari juu yake unachokisukuma kushoto, kulia, kushoto, kraa, kraa, kila msukumo mstari mmoja. Sweta za shule. Kijani, maruni, bluu iliyokolea. Desemba hatukuwa na Krismasi kwa maana ya watu wengine, kwa sababu Januari shule zinafunguliwa, na kila mzazi anakumbuka sweta wiki ya mwisho. Juni wanarudi tena, baridi inaposhuka kutoka mlimani na ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi.

Mashine ile hutoa kipande bapa. Mbele kipande, nyuma kipande, mikono miwili. Kuviunganisha ilikuwa kazi ya watoto, na katika watoto ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa dada yangu alikuwa na akili ya kusema kichwa kinamuuma. Niliichukia. Unakaa na sindano butu ya macho makubwa, unalinganisha mstari kwa mstari, kwapa ndipo panapokusumbua kwa sababu vipande vinne vinakutana mahali pamoja, na jioni taa ni ya chemli. Nilikuwa naruka. Mistari miwili mitatu naipitia kwa mkupuo mmoja, navuta, nafunga.

Nikiwa darasa la tano tulisimama mstarini asubuhi, kiranja akaita "mbele nyosha!", na msichana aliyekuwa mbele yangu akanyosha. Kwapa likaachia. Likaendelea kuachia taratibu, kitanzi kwa kitanzi, mpaka shati jeupe likaonekana ubavuni kote. Niliujua mkono ulioshona pale kama ninavyoujua mwandiko wangu. Sikusema kitu. Jioni mama yake alikuja barazani kwetu na sweta mkononi, na Mama hakuniuliza. Alinitazama tu, kisha akarudisha pesa.

Baadaye shule moja ikatangaza kwamba sweta zitanunuliwa kwa mtu mmoja iliyemteua yenyewe, halafu nyingine, na nyingine, na mashine ikafunikwa kanga. Hilo nitaliandikia siku nyingine nikiwa sina hasira.

Mama alijua kufuma kitu cha mviringo pia, ila kwa njiti za baiskeli. Njiti nne, amezinoa ncha zote mbili kwenye sakafu ya saruji mpaka haziwezi tena kukwaruza uzi. Vitanzi vinagawanywa kwenye tatu, ya nne inafuma. Hivyo ndivyo alivyofuma kofia za watoto wachanga wa mtaa mzima. Mimi nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza njiti ilichomoka, vitanzi 20 vikabaki uchi. Mara ya pili ilidondoka chini ya kiti cha daladala ya KCMC, na konda akaniambia nishuke kwanza watu wapite ndipo nitafute. Sikuipata. Nikarudi kwenye vipande bapa na mishono yangu mibaya, nikakaa huko zaidi ya miaka thelathini.

Sasa turudi kitandani. Kosa la kwanza nililifanya jioni ileile: nikaivuta sindano nje ili niipime. Ilikuwa mita moja, ncha hadi ncha. Nikafurahi kwa kuijua, ndipo nikaona nilichokifanya. Vitanzi 60 vidogo vimebaki vimenikodolea macho, na sikumbuki kamba ilikuwa imepita wapi na kutokea wapi. Nikaviokoa kwa sindano ya kushonea na uzi mwekundu, nikipumua kwa pua ili nisivitikise. Kilichoniokoa mimi ni binti yangu. Alikuwa ameshaipiga picha soksi ile akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na maneno "Mama amenunua mkoba amepewa na mguu." Niliikuza picha ile kwa vidole mpaka simu ikaisha chaji.

Kwa picha hiyo nilijifunza, na uzi wa bei rahisi wa duka la karibu na soko kuu, jioni nne.

Inakwenda hivi. Unaanzisha vitanzi vyako 60 kama kawaida, unavisukuma vyote vikalale kwenye kamba. Unahesabu 30, na hapo, kati ya cha 30 na cha 31, unaibana kamba kwa vidole viwili na kuivuta itokeze. Hilo ndilo sikio. Umepata mafungu mawili yaliyolala sambamba, moja mbele yako na moja nyuma yake, kama watoto wawili kitanda kimoja. Unazisukuma ncha ziingie kwenye vitanzi, zote zinatazama kulia, sikio liko kushoto, uzi unatoka kwenye fungu la nyuma. Sasa ivute ile ncha ya nyuma kuelekea kulia. Vitanzi vyake vinateleza vikabaki kwenye kamba, ncha imekuwa huru, na hiyo ndiyo unayofumia fungu la mbele. Hapa masikio ni mawili, moja kila upande. Ukimaliza 30 zako unageuza kazi yote, unavipandisha vya kwenye kamba kwenye ncha yao, unaivuta ile nyingine, unafuma. Nusu mbili ni mzunguko mmoja.

Nilichokuwa sikielewi ni urefu. Mguu wa mtu una mzunguko wa sentimita ishirini na kitu. Mita moja ya kamba ya nini? Ukijaribu kuvitandaza vitanzi 60 vya soksi kwenye sindano ya duara, hata ya sentimita 40, havifiki, vinavutika mpaka vinakaribia kukatika. Inabidi sindano iwe fupi kuliko kitu chenyewe, na sindano fupi hivyo haishikiki. Kumbe ukiifanya ndefu kupita kiasi, ziada yote inatokea kwenye masikio na haiwasumbui vitanzi. Kamba ile ile ya mita moja inafuma soksi ya kichanga, mkono wa sweta, kofia ya mtu mzima. Nilipoielewa hiyo nilimwamsha mume wangu nimweleze. Akasema, "Vizuri sana," akageukia ukutani.

Na jambo la pili, ambalo kwa mtoto wa mashine lilikuwa kubwa zaidi. Ukifuma bapa kwa mikono, mstari wa kwenda unafuma vitanzi vya mbele, uzi ukiwa nyuma ya sindano, wa kurudi unafuma vya nyuma, uzi ukiwa mbele, vinginevyo kitambaa hakitoki laini upande wa nje. Kwenye mzunguko hurudi. Unakwenda mbele tu, mbele tu, upande mzuri ukiwa unakutazama muda wote. Mkono wangu wa vya nyuma umekuwa legevu siku zote. Sweta zangu za bapa zina mistari mistari kama shamba la matuta. Soksi hii haikuwa nayo.

Makosa nimeyafanya yote, nayataja kwa haraka. Kabla hujaunganisha mzunguko wa kwanza hakikisha ukingo wa chini wa vitanzi umetazama upande mmoja kote. Mimi nilifuma mizunguko tisa ndipo nikaona kitu kimejisokota kama chapati inayokunjwa kabla ya kusukumwa, na hicho hakina dawa ila kufumua. Uzi ukikaa mbele ya ncha unapoanza nusu mpya, kitanzi cha 61 kinazaliwa. Kamba ikiwa kaidi, imekaa imejiviringa jinsi ilivyokuwa mkobani, iloweke dakika moja kwenye maji ya moto ya chai kisha inyooshe kwa mikono miwili, inatii.

Ngazi ndiyo iliyonichosha. Pale nusu moja inapoishia na nyingine kuanza, vitanzi vinaachana kidogo, na mzunguko juu ya mzunguko unapata kijinjia cha vipago kinachopanda mguuni pande zote mbili. Silika inakuambia uvute kwa nguvu kitanzi cha kwanza. Nilivuta, ngazi ikabaki. Dawa ni kukifuma cha kwanza kawaida, kisha kuvuta kwenye cha pili. Hapo cha kwanza kinabanwa na hakina pa kulegea. Sijui kwa nini vidole vyangu vilikubali jambo hilo siku ya nne na si ya kwanza, lakini ilikuwa siku ya nne.

Hapo ndipo nikapata ujasiri wa kuirudia soksi yenyewe. Nikavitoa vitanzi kwenye uzi mwekundu, 30 na 30, nikaanza pale alipoishia. Mwenyewe aliishia mahali ambapo wengi huishia, mlangoni mwa kisigino. Kisigino kinafumwa kwa nusu moja tu, kwenda na kurudi, nusu nyingine ikisubiri kwenye kamba. Ukishapata kipande kama cha mfuko unapunguza vitanzi katikati kijikunje, unaokota vitanzi vipya kwenye kingo zake mbili, mzunguko unarudi kuwa mzima. Nilikifumua mara tatu. Ukiitazama soksi ile leo unaona mahali mkono ulipobadilika: wake umebana na umenyooka, wangu una pumzi pumzi.

Jumapili moja baada ya ibada nilipanda Uru kwa Mama. Siku hizi anaishi kihambani, macho yamepungua ila vidole havijapungua. Nikampa soksi. Akaipapasa upande mmoja, upande wa pili, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kutoka juu hadi chini.

"Mshono umeuficha wapi?"

"Hakuna, Mama."

"Njiti nne."

"Sindano moja."

Binti yangu akaingilia kwamba inaitwa mejiki lupu, Bibi. Mama akauliza mejiki ndiyo nini. Mazingaombwe, Bibi. "Basi asije kuivaa kanisani," Mama akasema, lakini hakuirudisha.

Jina hilo ni la Wamarekani. Mbinu ni ya Sarah Hauschka, na Beverly Galeskas ndiye aliyeitoa kwenye kijitabu mwaka 2002, ikasambaa kutoka hapo. Njiti nne ni za kale mno. Kuna picha ya mchoraji wa Hamburg, Ujerumani, aitwaye Meister Bertram, ya mnamo mwaka 1400, inayomwonyesha Bikira Maria amekaa akifuma kijikanzu cha mviringo, sindano zimetokeza kila upande, yuko kwenye shingo. Binti yangu alimwonyesha Mama kwenye simu. Mama akaisogeza karibu na jicho zuri, hakuutazama uso wala malaika; alihesabu sindano. "Nne," akasema. "Nilikuambia."

Nikaona nimpate kwa Biblia. Nikamkumbusha kanzu ya Bwana, ile ya Yohana 19, ambayo haikuwa na mshono, imefumwa yote toka juu, mpaka askari wakasema wasiipasue. Mama hakuchelewa.

"Na ndiyo maana wakaipigia kura. Ingekuwa na mshono wangegawana."

Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote ile ya kuunganisha makwapa sikuwahi kulifikiri. Sweta yenye mshono inafunguka. Mtoto akinenepa, alikuwa akifumua ubavu, anaingiza kipande cha vidole vitatu, mzazi analipia kipande badala ya sweta. Mkono ukichakaa kiwiko anaung'oa wote na kuweka mwingine. "Hiki chako," akasema akiivuta soksi, "kikitoboka utaingilia mlango gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba chai.

Uzi wa mgeni uliishia kidoleni hasa, ikabaki kama urefu wa mikono miwili. Soksi ya pili ikahitaji uzi wa unene uleule, na uzi mwembamba wa sufu si kitu unachokikuta kwenye duka la nyuzi za sweta mjini. Nikarudi Kiboriloni kuchambua masweta, si ya kuvaa, ya kufumua. Kabla ya bei, ligeuze sweta ndani nje uutazame mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloku, liache hata kama wanakupa bure: kila mstari umeshakatwa kando, utapata vipande vya sentimita hamsini hamsini kama tambi. Tafuta lile ambalo kingo za vipande ni nzima, zimeunganishwa kwa uzi tu. (Yaani lile lililounganishwa na mtoto wa mtu, kama mimi.) Na lisiwe limeshafuliwa kwa maji ya moto likagandamana, hilo halifumuki tena milele.

Nilipata la kijivu, sufu asilimia 100, elfu tatu. Uzi ulitoka umejikunja mawimbi mawimbi. Unauzungushia mgongo wa kiti, unaufunga mahali panne usichanganyikane, unauosha kwa maji ya vuguvugu, unautundika na chupa ya maji chini yake. Kesho yake umenyooka. Soksi ya pili nikaifuma yote mwenyewe, bila kusoma mkono wa mtu.

Zikaenda kwa mpwa wangu. Ni mpagazi, anapanda sana njia ya Machame, mzigo wa kilo 20 wa mteja ukiacha mabegi yake mwenyewe, na kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600. Wageni wanapokwenda kutafuta kilele usiku, wapagazi wengi wanabaki pale kambini na baridi yao. Nilimwambia avae za kulalia. Akasema sawa, akazivaa za kutembelea.

Wiki iliyopita alikuja.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Soksi?"

Akavua viatu mlangoni bila kujibu. Ya kulia nzima, kana kwamba haijatoka nyumbani. Ya kushoto kisigino chote kimefunguka, nyama inaonekana.

"Hii ya mzungu haina shida," akasema kwa upole, "ila hii yako…"

Nikamwambia hiyo ya mzungu kuanzia kisigino kwenda chini ni ya kwangu, aangalie vizuri. Kisha nikaenda kuitafuta ile karatasi ya donge la uzi, nilikuwa nimeihifadhi kwenye mkoba. Sufu asilimia 75, nailoni 25. Basi. Mkono ni mmoja, kisigino ni kimoja. Cha kushoto kimekosa nailoni ya kukishika kwenye mawe.

Kutengeneza kisigino cha soksi ya namna hii hakuna mlango, Mama alishasema. Mimi najua kuanzia kidoleni tu, unafumua vidole, unafumua unyayo wote, unafika kwenye kisigino, unakitoa, unavishika vitanzi 60 kwenye kamba, unaanza upya. Nimenunua rili ya nailoni nyembamba ya mafundi viatu, naifuma sambamba na sufu. Inateleza na inakata kidole cha shahada.

Amesema anapanda tena Alhamisi. Leo ni Jumanne, umeme umekatika tangu saa moja, na ninaokota vitanzi vya ukingo kwa taa ya simu.